Kuhama si Kushindwa: Mwanafunzi, Wenzake na Mwenye Nyumba

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwatahadharisha vijana wasichague mchumba kwa sura. Ni nadra kuisikia ikitumiwa kwa maana yake ya wazi, yaani kuhusu nyumba yenyewe. Hata hivyo, kila mwanzo wa muhula wanafunzi wengi wa vyuo vikuu nchini Kenya hukodi nyumba kwa kuutazama mlango tu: rangi mpya, mfereji ambao siku hiyo unatoa maji, na kodi inayogawika vizuri kwa watu watatu. Yaliyo ndani huyajua baadaye, wakati kodi imekwisha kulipwa, amana imekwisha kutolewa na vitanda vimekwisha kupangwa. Wakishayajua, wengi hunyamaza wakavumilia. Makala haya yanashikilia kwamba uvumilivu wa aina hiyo mara nyingi si busara, na kwamba kuondoka katika nyumba isiyokalika ni haki ya mpangaji, ilmradi aondoke kwa utaratibu.

Chanzo cha hali hii kinajulikana. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa masomo sambamba mwaka 1998, vyuo vingine vya umma vikafuata, na mwanzoni mwa mwaka 2013 vyuo vishiriki kadhaa vikapewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi ambayo mabweni hayakuweza kuifikia. Ndipo mitaa kama Kahawa Wendani, Juja, Njoro, Kesses, Maseno, Lurambi kule Kakamega na Ndagani kule Chuka ilipogeuka kuwa mabweni yasiyo na msimamizi. Katika bweni la chuo, mwanafunzi asiyeelewana na mwenzake humwendea msimamizi, akahamishiwa chumba kingine. Mtaani hakuna wa kumwendea. Kuna mwenye nyumba, naye haja yake kubwa ni kodi.

Isitoshe, mpangilio wa fedha za mwanafunzi haukuundwa kwa ajili ya nyumba ya kupanga. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hutoa mkopo kwa mihula, ilhali mwenye nyumba hudai kodi kwa miezi. Mkopo ukichelewa kwa mmoja, mzigo huwaangukia wenzake. Ukija, hukuta madeni ya miezi miwili yakiungoja, na mwenye nao huanza kuwaona wenzake kama wadai, si marafiki. Ugomvi mwingi unaodhaniwa kuwa wa tabia huanzia katika hesabu hii isiyolingana.

Ni muhimu kutofautisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. La kwanza ni mwenza asiyefaa. Huyu si lazima awe mtu mbaya. Mmoja huamka saa kumi alfajiri kusoma, mwingine huanza kusoma saa sita usiku huku sabufa ikivuma kwa sauti ya chini. Mmoja hupika kila jioni, mwingine hununua chapati na maharagwe kibandani na haoni sababu ya kuchangia gesi. Mmoja hupenda wageni, mwingine huona kila mgeni kuwa mvamizi. Hakuna mwenye hatia hapa. Wote wawili wangeweza kuishi vyema na watu wengine. Penye wengi pana mengi, na baadhi ya mengi hayo hayana mwamuzi.

La pili ni mwenza mkosaji. Huyu hulipa nusu ya kodi na kuahidi iliyobaki hadi ahadi inazeeka. Hutumia tokeni za umeme kwa koili ya kupikia, kisha taa zinapozimika usiku wa kuamkia mtihani huwa wa kwanza kulalamika. Humkaribisha mpenzi wa Ijumaa ambaye Jumatatu bado yupo, na baada ya mwezi amekuwa mpangaji wa nne asiyelipa chochote. Unga hupungua bila mlaji na sufuria huhama bila mhamishaji. Hapa kuna kosa, nalo huweza kutajwa, kujadiliwa na pengine kurekebishwa.

La tatu ni hatari. Mwenza anayetisha au kupiga, mwizi anayejulikana ndani ya nyumba, mwenye nyumba au mtunzaji wa jengo anayeingia kwa ufunguo wa akiba wakati mwanafunzi wa kike yuko peke yake: haya si mambo ya kuvumiliwa wala kuandikiwa barua ya mwezi mmoja. Anayekabiliwa nayo huondoka siku hiyo, huripoti katika kituo cha polisi na kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi, na masuala ya amana huyashughulikia akiwa mahali salama. Kwa bahati mbaya, wengi hulichukulia jambo la tatu kana kwamba ni la kwanza, wakasema kwamba kila nyumba ina yake.

Mwenye nyumba naye ana aina zake za kutofaa. Yupo anayefunga maji kwa nyumba zote kwa sababu mpangaji mmoja hajalipa. Yupo anayepokea kodi bila kutoa risiti, kisha akadai mwezi uliokwisha kulipwa. Yupo anayeahidi kila wiki kumleta fundi wa choo, na choo kikaendelea kufurika hadi muhula ukaisha. Yupo pia anayeng'oa mlango au mabati ili kumfukuza aliyechelewa kulipa. Wanafunzi wengi huyapokea haya kama hali ya hewa, jambo lisilo na mwenyewe. Sheria haiyaoni hivyo. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtwika mwenye nyumba wajibu wa kumwachia mpangaji aishi kwa utulivu bila kuingiliwa, na wa kuhakikisha kwamba chumba cha kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na katika muda wote wa upangaji. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaja haki ya kila mtu ya kupata makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Hata pale mpangaji anapodaiwa kodi kwa haki, kukamata mali yake kuna utaratibu wake chini ya sheria ya ukamataji mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, si na mwenye nyumba mwenye nyundo.

Pamoja na hayo, mwanafunzi hukaa. Akiulizwa kwa nini, hujibu kwa methali: mvumilivu hula mbivu, subira yavuta heri, mkataa pema pabaya panamwita. Wanafunzi wa Kiswahili ndio hasa wanaopaswa kuzichunguza hoja hizi, kwa kuwa ndio wanaofundishwa kwamba methali haina maana nje ya muktadha. Mvumilivu hula mbivu pale ambapo kuna tunda linaloiva. Mkulima huvumilia kwa sababu mvua na jua vinafanya kazi huku yeye akingoja. Katika nyumba ambamo mwenza hajalipa kwa miezi mitatu na mwenye nyumba hajajibu barua mbili, hakuna kinachoiva. Kinachokua ni deni. Ama mkataa pema, methali hiyo inamhusu aliyepewa pema akapakataa. Haikutungwa kwa ajili ya aliyemo pabaya tayari. Methali zilezile zilizohifadhi hekima ya jamii huweza kugeuzwa kuwa kifuniko cha woga.

Woga huo una sura mbili. Sura ya kwanza ni aibu. Kuondoka huonekana kama kuwasaliti wenzake, hasa ikiwa wametoka shule moja au kijiji kimoja, na wazazi wao wanafahamiana. Inasahaulika kwamba urafiki na upangaji ni mikataba miwili tofauti, na kwamba mara nyingi njia ya kuuokoa wa kwanza ni kuuvunja wa pili mapema. Marafiki walioacha kuishi pamoja wakiwa bado wanasalimiana wana heri kuliko waliokaa hadi wakagawana chumba kwa mstari wa chaki.

Sura ya pili ni hofu ya gharama, na hapa hesabu inahitajika. Tuseme wanafunzi watatu wamekodi nyumba ya Sh12,000 kwa mwezi. Kila mmoja hulipa Sh4,000, na kila mmoja alitoa Sh4,000 za amana. Mwezi wa pili mwenza mmoja analipa Sh2,000 tu, na mwezi wa tatu mwingine halipi kabisa. Yule ambaye jina lake liko kwenye risiti anaziba mapengo yote mawili, jumla Sh6,000, kwa sababu mwenye nyumba anamjua yeye tu. Akifikiria kuhamia chumba cha peke yake cha Sh4,000, anaambiwa alete Sh8,000, yaani kodi ya mwezi mmoja na amana. Anashtuka na kurudi nyuma. Lakini katika Sh8,000 hizo, Sh4,000 ni kodi ambayo angeilipa popote alipo, na Sh4,000 ni amana, fedha ambayo bado ni yake ingawa imeshikwa na mtu mwingine. Gharama halisi ya kuhama ni nauli ya mkokoteni na usumbufu wa kuisubiri amana ya kwanza irudi. Gharama ya kubaki ni Sh6,000 ambazo zimekwisha kwenda, na nyingine ambazo hazijulikani zitakoma lini. Juu ya hizo kuna karatasi za mitihani zilizoandikwa baada ya usiku wa ugomvi, ambazo haziwezi kupigiwa hesabu kwa shilingi.

Swali la jina kwenye risiti linastahili kutiliwa mkazo. Katika nyumba nyingi za wanafunzi, mmoja huenda kumwona mwenye nyumba, akalipa na kuandikisha jina lake, kisha wengine wakamfuata. Machoni pa mwenye nyumba, huyo mmoja ndiye mpangaji. Wengine ni wageni wake. Kwa hiyo yeye hawezi tu kubeba godoro akaenda. Akiondoka kimyakimya, kodi inaendelea kuandikwa kwa jina lake. Sharti aidha aivunje nyumba nzima kwa ilani, au mwenye nyumba akubali kwa maandishi kumpokea mpangaji mwingine mahali pake. Naye asiyeandikishwa jina ana tatizo la kinyume: ni rahisi kwake kuondoka, lakini amana yake hana pa kuidai ila kwa mwenzake. Kama hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba alichangia, atabaki na neno lake tu.

Kuhusu ilani, sheria ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Pale ambapo hakuna mkataba uliotaja muda, na kodi hulipwa kila mwezi, upangaji huhesabiwa kuwa wa mwezi hadi mwezi. Kwa mujibu wa kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, upande wowote waweza kuuvunja kwa kutoa ilani isiyopungua kipindi kimoja cha upangaji, na ilani hiyo iishe katika siku ambayo kodi hulipwa. Maana yake kwa vitendo ni hii: ikiwa kodi hulipwa tarehe 1, na mpangaji akatoa ilani tarehe 10 Machi, mwezi wake hautaishia tarehe 10 Aprili. Utasogea hadi tarehe 1 Mei. Angeitoa mwishoni mwa Februari, angekuwa huru tarehe 1 Aprili. Siku kumi za kusitasita humgharimu kodi ya mwezi mzima. Mwenye mkataba ulioandikwa ausome kwanza, kwani huenda masharti yake ya ilani ni tofauti.

Amana ndiyo hufunga wengi miguu. Wenye nyumba wengine huishikilia kwa kisingizio cha rangi, kitasa au kioo ambacho kilikuwa kimepasuka tangu mwanzo. Dawa yake huandaliwa siku ya kuingia: picha za kila chumba, orodha ya vilivyoharibika iliyotiwa sahihi na pande mbili, na kodi inayolipwa kwa njia inayoacha alama, kama vile ujumbe wa malipo ya simu. Siku ya kutoka, nyumba husafishwa, picha hupigwa tena, bili ya maji hulipwa, na ufunguo hukabidhiwa mbele ya shahidi. Ikiwa bado amana haitoki, tangu mwaka 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyotokana na sheria ya mwaka 2016. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Hali kadhalika lipo Baraza la Kodi chini ya Sura ya 296, ingawa ulinzi wake ni wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za wanafunzi zimekwisha kukivuka.

Hata hivyo, haki ya kuhama haihalalishi kila namna ya kuhama. Wapo wanaohama usiku, mkokoteni ukiwa umepakwa mafuta magurudumuni usilie, wakawaachia wenzao deni la miezi miwili na mwenye nyumba mwenye hasira. Huko ni kutoroka. Madhara yake hayaishii katika nyumba hiyo. Mwenye nyumba aliyetorokwa huongeza amana kwa wapangaji wanaofuata, au huapa kutompokea mwanafunzi tena. Anayelalamikia dhuluma ya mwenye nyumba kisha akamdhulumu mwenzake amebadilisha kiti tu.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kulionya hili. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyochapishwa mwaka 1980, Maimuna anatoroka nyumba ya baba yake, Bwana Maksuudi, ambamo amefungiwa asiione dunia. Hakuna msomaji anayeweza kumlaumu kwa kutaka kutoka. Lakini anatoka bila kujua aendako, na mlango unaomfungukia ni wa Mama Jeni, ambako anatumiwa kwa namna nyingine. Wasomi wamemjadili Maimuna kwa misingi ya ukombozi wa mwanamke, na ni haki. Mpangaji naye aweza kuchota hapo funzo dogo la kawaida: ubaya wa nyumba ya kwanza si ushahidi wa uzuri wa ya pili. Anayehama kwa hasira huchukua chumba cha kwanza anachokiona, na baada ya miezi mitatu huhama tena.

Kwa hiyo kuhama kwema kuna hatua zake. Kwanza ni kusema. Mwenza mkosaji aambiwe kosa lake uso kwa uso, kwa maneno ya staha na kwa tarehe maalumu ya kurekebisha, si kwa vijembe vya kubandikwa kwenye jokofu wala kwa kupitia watu wengine. Pili ni kungoja tarehe hiyo kwa nia njema. Ikipita bure, hatua ya tatu ni kutafuta makao mapya mchana, kwa kuwauliza wapangaji waliomo kuhusu maji, risiti na tabia ya mwenye nyumba. Nne ni kuwaarifu wenzake kabla ya kumwarifu mwenye nyumba, ili wasiisikie habari mlangoni. Tano ni kumwandikia mwenye nyumba ilani yenye tarehe na kubaki na nakala. Sita ni kulipa madeni na kuagana. Milima haikutani, binadamu hukutana: mwenza wa leo huenda akawa mwalimu mwenza katika shule moja kesho, au mhakiki wa mswada.

Lugha yenyewe imeficha funzo katika msamiati wake. Kitenzi panga kina maana ya kukodi nyumba, na pia ya kuweka mambo katika utaratibu. Mpangaji asiyepanga ni tatizo la maana mbili. Lakini ni ajabu kwamba mikataba ya upangaji inayotiwa sahihi mitaani, pale inapokuwapo, huandikwa kwa Kiingereza kigumu ambacho hata mwenye nyumba mwenyewe aghalabu hakielewi. Wawili hao hujadiliana bei kwa Kiswahili, hugombana kwa Kiswahili, kisha hufungwa na karatasi ambayo hakuna aliyeisoma. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na mahakama za chini zimekikubali kwa miaka mingi. Hakuna kinachozuia mkataba wa nyumba kuandikwa kwacho.

Hapa ndipo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vinapoweza kutoa mchango usiopatikana kwingine. Vyama hivi huandaa makongamano, ngonjera na mashindano ya insha, na ni vyema. Viongeze kazi moja: kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja kati ya mpangaji na mwenye nyumba, na mwingine kati ya wapangaji wenyewe, kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, vikisaidiwa na wenzao wa kitivo cha sheria. Mkataba wa wenza utaje mambo machache tu: nani analipa nini na lini, amana ya nani ni kiasi gani, mgeni hukaa siku ngapi, na anayetaka kuondoka atoe taarifa ya muda gani. Na ilani ya kuhama isizidi sentensi mbili: "Kwa ilani hii ninakuarifu kwamba nitaondoka katika nyumba yako tarehe 1 Aprili. Ninaomba tuikague nyumba pamoja siku hiyo na unirudishie amana yangu."

Karatasi hizo zikipatikana bila malipo katika kila idara ya Kiswahili mwanzoni mwa muhula, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataingia nyumba yake ya kwanza akijua jinsi ya kutoka. Anayejua njia ya kutoka hukaa kwa utulivu zaidi, na pengine hatalazimika kuhama kabisa.